Brashi ya gesi isiyo na waya: miezi minane mkononi mwangu

Nywele zangu zina dawa, zinafika mabegani, na nikilala bila kilemba ncha zinaamka kila moja na upande wake. Miaka yote nilikuwa nazituliza kwa pasi ya umeme. Mwanamke wa Dar es Salaam hahitaji kusimuliwa yanayofuata: upande wa kulia umeshalala vizuri, wa kushoto bado, umeme huo umekatika. Nimewahi kwenda kazini hivyo, nikakaa siku nzima nimegeuzia watu upande mmoja kama picha ya pasipoti iliyokosewa.

Dada yangu anayeishi Birmingham akaniletea brashi hii ya gesi. Kwa macho ni brashi ya duara ya kawaida, nene kidogo kwenye mpini, ina meno ya plastiki yaliyozunguka bomba la chuma. Haina waya. Ndani ya mpini kunakaa kikopo cha butani, gesi ileile ya viberiti. Unasukuma swichi, unaipa gesi sekunde moja au mbili ifike, unabonyeza kitufe, inasikika "ta!" Ulimi wa moto huuoni. Gesi inaungua juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoisaidia kuungua, bila mwali, na joto linaingia kwenye chuma. Ukiisogeza sikioni inavuma kidogo, kama jiko lililopunguzwa mpaka mwisho. Kuna nukta inayobadilika rangi ikiwa tayari, ila mimi siku hizi nahesabu tu dakika 3.

Mara ya kwanza niliiogopa, nisiseme uongo. Kushika gesi inayoungua karibu na kichwa chenye mafuta si jambo la kuzoea kwa siku moja. Mama yangu, aliyekulia enzi za kitana cha chuma kinachopashwa juu ya jiko la mkaa na kujaribiwa kwanza kwenye gazeti, aliniangalia akacheka: "Sisi tuliungua masikio, nyie mtalipuka kabisa."

Sijalipuka. Sikio nimeunguza mara moja. Pembeni ya bomba kuna matundu ya kutolea hewa ya moto, nami nilikuwa nimekunja shungi la nywele mpaka karibu na kichwa, matundu yametazama sikio. Sasa naishika yatazame nje.

Namna inavyonifaa ni hii. Nywele ziwe kavu kabisa, si za "zimekauka kidogo". Hii si draya, ukiiweka kwenye nywele zenye maji inatoa mvuke wa kuchoma ngozi. Napaka dawa ya kukinga joto, nagawa mafungu ya vidole viwili, nakunja kuanzia nchani, nahesabu mpaka kumi, nafungua kwa kuzungusha kinyume bila kuvuta. Ukivuta, meno yanashika nywele na unabaki umesimama mbele ya kioo na brashi inayoning'inia. Kichwa kizima kinanichukua robo saa. Ncha zinaingia ndani vizuri, mbele panapata wimbi la kistaarabu. Joto ni hilohilo moja, hakuna cha kupunguza wala kuongeza.

Wifi yangu ana nywele za asili, kipilipili hasa, akataka kujaribu. Tulihangaika nusu saa. Shina halikushtuka, ncha zikapata umbo la ajabu kama mkia wa kinyonga. "Wifi," akaniambia, "hiki ni cha kupapasa, si cha kunyoosha." Ameisema vizuri kuliko mimi. Kama nywele zako hazina dawa na hazijapigwa pasi kwanza, usitegemee muujiza. Kwenye wigi la nywele halisi inafanya kazi safi. La plastiki usilisogeze karibu.

Na ukikaa Pwani, jua kwamba saa saba mchana unyevu wa hewa umeshaanza kurudisha nywele kwao. Hilo lingetokea hata kwa pasi ya umeme, siilaumu brashi.

Siku nisiyoweza kuisahau ilikuwa Njombe, mwezi Julai, kwenye harusi ya binamu yangu. Umeme ulikatika alfajiri. Nyumba ina wanawake tisa, wote na pasi zao, wote wanatazamana. Mimi nikaenda kuichukua brashi yangu kwenye begi kwa maringo kidogo. Nikabonyeza: ta! Kimya. Ta! Kimya. Baridi ya Njombe ilikuwa imeilaza gesi. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, na hata kabla ya hapo inakuwa mvivu. Shangazi akaipokea, akaitia kwapani chini ya kitenge, akaendelea kumenya vitunguu. Baada ya kama dakika kumi ikawaka. Niliwatengeneza ncha watu watano siku hiyo, akiwemo mama wa bibi harusi, mlango na dirisha wazi, maana kitu kinachounguza gesi hakifungiwi chumbani hata kiwe kidogo namna gani.

Sasa shida yenyewe: gesi. Kikopo kimoja kilinipa mara 12. Kikiisha, unaanza safari. Brashi za kuchaji zimejaa madukani, hizi za gesi wachache wanazijua. Kariakoo nilizunguka maduka ya vifaa vya saluni asubuhi nzima, kijana mmoja akanitolea vikopo viwili kutoka rafu ya juu kabisa, vina vumbi, 25,000 kila kimoja. Kimoja kilikuwa chepesi. Nilipofika nyumbani nikagundua kilishavuja zamani. Ukinunua, kitikise sikioni. Gesi iliyomo inasikika ikicheza kama maji.

Fundi mmoja wa simu aliniambia atakijaza kwa gesi ya viberiti, anatoboa tu kidogo hapo chini. Niliondoka bila kuaga. Kuna brashi zenye tundu la kujazia, hizo sawa. Yangu inabadilishwa kikopo kizima, na sikuletewa brashi kutoka Uingereza nije kutoboa kopo lenye mgandamizo uwanjani kwa watu. Wala usiiache ndani ya gari lililopigwa na jua.

Kwanini dada asilete vikopo kumi? Alijaribu. Alikuwa navyo vinne vya akiba, vyote vikabaki uwanja wa ndege. Kanuni za safari za anga zinaruhusu brashi moja ya gesi kwa abiria mmoja, kifuniko kikiwa kimevalishwa sehemu inayopata moto, na gesi ya akiba hairuhusiwi kabisa, si mkononi, si kwenye begi la chini.

Kwa hiyo, ningeinunua kwa pesa yangu? Kwa anayeishi mahali vikopo vinapouzwa, ndiyo, hasa kama unasafiri kwa basi au unatengeneza maharusi vijijini. Kwa mtu wa Dar mwenye pasi nzuri, hapana, tafuta ya kuchaji. Mimi ya kupewa siiachii.

Kimenibakia kikopo kimoja, nimekificha nyuma ya vitabu wifi asikione. Dada anakuja tena Desemba, safari hii na mumewe. Kanuni inasema moja kwa kila abiria, kwa hiyo tumekubaliana kila mmoja aje na brashi yake yenye kikopo ndani. Shemeji ana upara unaong'aa. Ameuliza mara mbili atawaambia nini watu wa ukaguzi, na dada amemjibu atafute mwenyewe.