Kamera hainusi: miezi saba na mshauri wa mtandaoni

Mshauri wa kwanza wa afya ya akili nilimwacha baada ya wiki tatu. Kila nilichomwandikia kilirudi na "pole, naelewa unachopitia", hata siku niliyomwambia nimelala vizuri. Nilikaribia kuachana na huduma yenyewe. Bahati nzuri kubadilisha mshauri hakukuwa na maswali mengi, na huyu wa pili ndiye niliye naye mpaka leo.

Kipindi cha kwanza alinipa PHQ-9, maswali tisa ya sonona, na GAD-7, saba ya wasiwasi, yote yakihusu wiki mbili zilizopita. Nikapata 17 kati ya 27 na 15 kati ya 21, na alama zikiwa juu ndivyo hali ilivyo mbaya. Akasema hicho ni kipimajoto tu, tutakirudia kila mwezi. Kisha akauliza habari za pombe. Nikajibu, "Kidogo, wikendi."

Uongo mtupu. Na hapo ndipo ninapoikata nyota moja huduma hii: kamera inakuona mabegani kwenda juu, wala hainusi. Vipindi vitano nilikaa na kikombe cha kahawa kando ya kompyuta, na ndani hamkuwa na kahawa. Ana kwa ana nisingethubutu.

Kila tulipoanza aliuliza niko wapi, niko na nani, na kama namba ya ndugu yangu bado ni ileile. Siku ya kwanza alishanieleza kwa nini: nikizidiwa naye yuko mbali, ajue msaada auelekeze wapi. Siri zangu anazitunza, isipokuwa uhai wangu au wa mwingine ukiwa hatarini. Kipindi cha sita nikajibu kama kawaida, niko mezani, peke yangu. Akanyamaza kidogo.

"Na kikombe?"

Nililia kabla sijajibu.

Nilidhani ataniambia niimwage pombe yote usiku uleule. Alinikataza. Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege, hata kuua. Akasema yeye haandiki dawa, niende kwa daktari kwanza, wa kuonana naye uso kwa uso. Nikaenda, nikapunguza chini ya uangalizi mpaka nikaacha.

Kazi yenyewe ilianzia hapo, na ilikuwa ya daftari: saa ngapi, nilikuwa nawaza nini, hamu imefika ngapi kati ya 0 na 10, nimelalaje. Nilipoanza kuandika nilikuwa bado napunguza, na kurasa zile zikaniumbua. Moyo kunienda mbio alfajiri, kitu nilichoapa ndicho kinachonipeleka kwenye chupa, kulikuwa kukali zaidi baada ya usiku niliokunywa zaidi. Alinifafanulia: pombe inautuliza ubongo, ubongo unajikaza kushindana nayo, na pombe ikiisha mwilini unabaki na ule mkazo. Miaka yote nilikuwa nakunywa kutibu asubuhi niliyojitengenezea mwenyewe.

Hamu alinifundisha kuitazama kama wimbi. Inapanda, inafika juu, inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, mradi usiilishe. Mara ya kwanza nilitega saa ya simu, nikaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Dakika ya 12 ilikuwa 9. Dakika ya 26 ikawa 4, na sahani moja nilishaiosha mara tatu.

Kero zipo. Siku moja nilimsimulia habari za baba yangu kwa muda mrefu, kumbe picha iliganda zamani na hakusikia kitu. Kuanza upya kulinishinda, tukairudia wiki iliyofuata. Mwezi wa tano niliteleza, nikamwandikia saa nane usiku. Alijibu asubuhi, kama alivyoniambia tangu mwanzo kwamba ujumbe si huduma ya dharura. Kwa hiyo ukiwa na mawazo ya kujiua usisubiri jibu la mtandaoni. Piga namba ya dharura au mwamshe mtu aliye karibu.

Alama za mwezi huu: sonona 6, wasiwasi 9. Wasiwasi ndio mbishi, bado tunahangaika nao.

Kikombe nacho kipo palepale mezani. Siku hizi nakiinamishia kamera kabla hajauliza.