Dodoso la "siri" la kupima mabosi: maoni yangu yalisomwa kikaoni

Kama kazini kwenu wanataka kuwaleta wale washauri wa kupima uongozi wa mameneja, someni hapa kwanza.

Mapema mwaka huu tulitumiwa linki kwenye simu, sisi wa ghala hapa Dar. Binti wa hiyo kampuni akaja kutuhakikishia kwa chai na maandazi: majibu ni siri, yanachanganywa, meneja ataona wastani tu. Nikajaza. Maswali yenyewe yalikuwa ya maana, lazima niseme: bosi anakusikiliza? Anakurekebisha pembeni au mbele za watu? Zamu anazigawa kwa haki? Na Kiswahili chake kimenyooka.

Mwishoni wakataka kitengo, jinsia na miaka kazini. Mapokezi ya mzigo, mwanamke, zaidi ya kumi. Mapokezi ya mzigo mwanamke ni mimi peke yangu!

Kwenye maoni niliandika kwamba bosi anatufokea mbele ya madereva wa malori, na "mtu mzima hafokewi kama mtoto wa madrasa, jamani". Wiki kadhaa zikapita. Kikao cha asubuhi, bosi kashika ripoti, anasoma sentensi yangu neno kwa neno, hata "jamani" hakuiacha. Akaniangalia. "Haya mama, mtoto wa madrasa hapa ni nani?" Watu wakacheka. Alipoiweka mezani nikaiona: juu ya maneno yangu pamechapwa "Mapokezi, KE, 10+".

Nikawapigia hao washauri. Kijana akanijibu kwa dharau, "Dada, jina lako halipo kwenye ripoti, kwa hiyo siri imetunzwa." Jina la nini tena hapo? Wanaoijua kazi hii, kundi likiwa dogo, mara nyingi chini ya watu watano, hawatoi matokeo yake peke yake, wanayaunganisha na ya wengine. Maoni ya kuandika wapo wanaoyafupisha, hawayabandiki yalivyo. Hata fomu za bure za Google unaweza kuziweka zisichukue barua pepe ya anayejaza, sembuse nyinyi mnaolipwa! Nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nikamwambia na Tume yake ipo. "Subiri nikuunganishe na mhusika." Ukapigwa muziki mpaka dakika zangu zikaisha.

Sasa, haki ya mtu mpe: tangu siku ile bosi kapunguza kufoka, hata madereva wameliona hilo. Kwa hiyo labda dodoso limesaidia, labda wanastahili nyota tatu. Lakini zamu za Jumapili siku hizi naandikwa mimi tu, na jina langu limekuwa "mama madrasa". Tatu za nini? Nimezifuta. Moja, na hiyo ni ya maandazi.

Tumeambiwa awamu ya pili yaja. Ghala zima tumeshakubaliana: kila swali tano kwa tano, na kwenye maoni wote tunaandika "bosi wetu mzuri sana". Wakaipeleke hiyo makao makuu.