Kumtoa mtoto mkubwa nyumbani: barua au mahakama?

Mwaka 2018, karibu na Syracuse katika jimbo la New York, wazazi walimwandikia mwana wao wa miaka 30 barua tano wakimtaka ahame. Walimpa hata dola 1,100 za kuanzia maisha. Hakuondoka.

Barua haina gharama, haianiki mambo ya ndani hadharani, na humwachia mtoto nafasi ya kuondoka na heshima yake. Lakini haimtoi asiyetaka kutoka. Na mzazi akibadilisha kufuli kwa hasira, anaweza yeye kuwa mkosaji mbele ya sheria.

Mahakama ina nguvu hiyo. Wazazi wale walipomshtaki, kijana alidai apewe miezi sita kabla ya kuhama. Jaji akakataa na kuamuru aondoke, naye akahama mwanzoni mwa Juni. Ila habari zilienea dunia nzima, na uchungu wa mama na mwanawe hauponywi na hukumu.

Mimi ningeanza na barua yenye tarehe na sahihi, nakala niitunze, maana jaji ataiulizia. Penye vipigo au vitisho, la: hapo mzazi aende mahakamani mara moja.