Kifurushi cha pepa 12 za kemia: moli wameipatia, titresheni inahitaji kalamu nyekundu

Kifurushi hiki kinauzwa kwenye steshenari nyingi za katikati ya jiji la Dodoma, kuanzia zile barabara za namba mpaka upande wa Majengo. Kina pepa 12, kila moja ina maswali 20 ya kuchagua na matano ya kuandika, majibu yako nyuma, na bei ni shilingi 5,000. Jina la mtunzi halipo. Tumepitia maswali yote 300 pamoja na majibu yake, na msimamo wetu ni huu: nunua, hasa kwa ajili ya pepa ya 3 mpaka ya 6, lakini usimkabidhi mwanafunzi kabla hujarekebisha majibu ya pepa ya 8 na ya 10.

Tuanze na kilichotufurahisha. Swali la 7 kwenye pepa ya 3 linauliza uzito wa dm³ 5.6 za kaboni dayoksaidi katika halijoto na mgandamizo wa kawaida. Machaguo ni gramu 7, 11, 176 na 246.4. Jibu ni 11: gawa 5.6 kwa 22.4 (dm³ za moli moja ya gesi) upate moli 0.25, zidisha kwa 44 (gramu za moli moja ya CO₂). Swali lenyewe ni la kawaida, liko kwenye kila daftari la tuisheni. Uzuri wake uko kwenye yale majibu matatu yasiyo sahihi. Aliyechagua 7 amejumlisha 12 na 16 akapata 28, maana yake ile 2 ndogo ya CO₂ ameiruka. Aliyechagua 176 amegeuza mgawanyo, amegawa 22.4 kwa 5.6. Aliyechagua 246.4 amechukua ujazo akaufanya ndio idadi ya moli. Hao ni wanafunzi watatu wenye matatizo matatu tofauti, na mwalimu akiona herufi tu anajua nani arudishwe kwenye fomula na nani kwenye maana ya moli yenyewe. Kutunga vipotoshi vya namna hii ni kazi ya mtu aliyesahihisha madaftari mengi. Pepa nyingi za mitaani huweka namba tatu za kubahatisha, mwanafunzi akikosa unachojua ni kwamba amekosa, basi.

Mtindo huo umeshikiliwa vizuri katika maswali yote ya moli. Lipo la sodiamu kaboneti yenye maji kumi, ambapo moli moja ina gramu 286, na kipotoshi cha 124 kinamnasa aliyeongeza molekuli moja tu ya maji kwenye 106. Lipo la mchuzi wa zabibu, tunda la kwetu: gramu 90 za glukosi zikichachuka zote zinatoa gramu 46 za ethanoli na dm³ 22.4 za kaboni dayoksaidi. Hapo mwanafunzi lazima asawazishe mlinganyo kwanza, kwa sababu kila glukosi moja inatoa molekuli mbili za gesi. Asiyesawazisha anaangukia 11.2, na 11.2 imewekwa pale inamsubiri.

Pepa ya 1 na ya 2, za muundo wa atomu na jedwali la elementi, ni za kawaida. Mpangilio wa elektroni wa potasiamu, isotopu za klorini, nani anatoa na nani anapokea elektroni. Hazina kosa, ila kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne ni za kupasha misuli tu.

Pepa ya 6 ni ya maji magumu na chumvi, na imepata bahati ya kuandikwa kwa macho ya mtu wa kanda hii. Inataja jasi, ile inayochimbwa Itigi, na kuuliza asilimia ya maji ndani ya CaSO₄·2H₂O: 36 kwa 172, yaani 20.9. Halafu inaleta maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na kuuliza kwa nini ugumu wake unaondoka kwa kuchemsha wakati ugumu unaotokana na jasi hauondoki. Anayejibu lazima aseme kwamba kalsiamu haidrojenikaboneti huvunjika kwa joto na kuacha kalsiamu kaboneti isiyoyeyuka, ambayo ndiyo ule ukoko wenyewe, wakati kalsiamu salfeti haivunjiki kwa moto wa jikoni. Kisha anaulizwa kitu kimoja cha kuondoa ugumu wa aina zote mbili. Ni sodiamu kaboneti, na lazima aandike mlinganyo. Mtoto aliyefua shati la shule na kuona povu likigoma ana mahali pa kuanzia.

Sasa pepa ya 8, titresheni, yaani kupima ukali wa myeyusho kwa kuudondoshea mwingine ambao ukali wake unajulikana. Swali la 22 linasema cm³ 25.0 za myeyusho wa sodiamu kaboneti zilihitaji cm³ 20.0 za asidi ya haidrokloriki ya 0.20 M (moli 0.20 kwa kila dm³). Majibu ya nyuma yanatoa 0.16 M. Hilo ni kosa, na ni kosa baya, kwa sababu ndilo lile lile ambalo swali lilitakiwa kulikamata. Asidi ni moli 0.004. Kaboneti moja inakula asidi mbili:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kwa hiyo kaboneti ni moli 0.002, na ukigawa kwa dm³ 0.025 unapata 0.08 M, sawa na gramu 8.48 kwa dm³. Aliyeandaa majibu amechukua uwiano wa moja kwa moja. Mwanafunzi aliyepata 0.08 akijisahihisha mwenyewe usiku atafuta kazi yake nzuri na kuandika upuuzi, na hilo linatuuma.

Ukurasa huo huo unakubali fenolftalini kama kiashiria cha titresheni hiyo. Rangi ya waridi itapotea asidi ikifika cm³ 10.0, pale kaboneti inapogeuka kuwa haidrojenikaboneti, nusu ya safari. Weka methili chungwa (methyl orange), ambayo hubadilika kutoka njano hadi rangi ya chungwa kazi ikiwa imekamilika.

Pepa ya 10 ni ya kutambua chumvi, na ina swali lenye majibu zaidi ya moja: ioni ipi hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka sodiamu haidroksaidi ikizidi? Wanataka zinki. Risasi nayo hufanya hivyo, alumini pia, na zote mbili zimo kwenye machaguo. Ongeza mstari mmoja kwa mkono: “na mashapo hayo yanayeyuka pia amonia ikizidi.” Hapo zinki inabaki peke yake. Ukitaka kutenga risasi na alumini, potasiamu ayodaidi hutoa mashapo ya njano na risasi tu.

Kuhusu uchapaji, kifurushi ni fotokopi ya fotokopi. Kabla hujalipa fungua ukurasa wa 14 na wa 31. Kwenye nakala hafifu nukta ya 0.1 imepotea ikawa 01, na alama ya chaji ya SO₄²⁻ imefutika, hivyo ioni inasomeka kama molekuli. Mwombe muuzaji nakala nyingine, wengi wana zaidi ya moja.

Namna ya kuitumia darasani: dakika 45 kwa maswali 20 ya kuchagua, na kila swali la hesabu liambatane na njia pembeni hata kama kinachotakiwa ni herufi. Asiyeonyesha njia amebahatisha. Ukikusanya, usianze na alama. Hesabu herufi za kila swali ubaoni. Darasa la wanafunzi 60 likiwa na 25 waliochagua 176, kipindi kinachofuata ni cha kugawa ujazo kwa 22.4, na hao wa 7 wapewe zoezi la kuhesabu atomu ndani ya fomula: CO₂, H₂SO₄, Ca(OH)₂, Al₂(SO₄)₃. Hiyo ya mwisho, yenye mabano, itakuonyesha wengine ambao swali la 7 halikuwakamata. Oksijeni ni 12, na wapo watakaoandika 4.