Uzoefu wangu: Wakili aliyesimamia dai langu la jicho, Moshi

Mimi ni fundi cherehani. Jicho langu la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, tena kwa ukungu. Wakili aliyenisaidia simtaji, wala kliniki ya macho niliyoidai fidia kwa uzembe, kwa sababu mapatano tuliyotia saini yanakataza kutaja majina.

Mwaka 2021 nilikwenda kupimwa macho katika kliniki hiyo kwa kuwa nilikuwa najigonga kwenye mwimo wa mlango, kila mara upande wa kushoto, na siku moja karibu na Soko la Mbuyuni nilinusurika kugongwa na bodaboda ambayo sikuiona kabisa. Nilimweleza mpimaji kwamba marehemu mama alipofuka kwa presha ya macho. Alinisomesha herufi za ukutani, akaniandikia miwani, akasema ni umri. Nilirudi mara mbili, na mara zote mbili nilibadilishiwa miwani. Mwaka uliofuata, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, presha ya jicho hilo ilisoma 38, ilhali kwa kawaida haizidi 21, na daktari bingwa akanieleza kwa upole kwamba neva ya jicho ikishakufa hairudi.

Wakili hakuanza na habari za fedha, bali aliniuliza tarehe, kwa kuwa dai la uzembe lina ukomo wa miaka 3, na kama kliniki ingekuwa ya serikali tungelazimika kutoa kwanza notisi ya siku 90. Alinituma wiki ileile nikaombe nakala ya kadi yangu. Alipoipata aliitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye mahudhurio yote matatu: hapakuwa na namba hata moja ya presha.

Ninachomshukuru zaidi ni kwamba aliniambia nisichotaka kusikia. Ugonjwa ulikuwepo kabla sijaingia kliniki ile, kwa hiyo singeweza kudai fidia ya upofu wote, isipokuwa ya uoni uliopotea kwa sababu ya kucheleweshwa. Nililia ofisini kwake. Lakini kipimo kilichotuwezesha kuutenganisha uoni huo kilikuwa kwenye kadi yao wenyewe: zile herufi nilizosomeshwa. Hudhurio la kwanza jicho la kushoto liliandikwa 6/9, yaani kwa mita 6 lilisoma kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9. KCMC likaandikwa 6/36, yaani kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 36. Bingwa tuliyemwomba maoni alieleza kwamba siku ile ya kwanza katikati ya jicho palikuwa bado pazima, na kwamba matone yaliyoanzishwa mapema yangeweza kupunguza kasi ya ugonjwa.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Gharama ya maoni hayo ya bingwa haikuwemo katika ada tuliyokubaliana, nami nililijua hilo siku ya kulipa, nikalazimika kuuza cherehani yangu ya pili. Anayekwenda kwa wakili kwa dai la namna hii aombe kila gharama iandikwe tangu mwanzo. Simu nazo zilikaa siku kadhaa bila kujibiwa.

Barua ya madai ilijibiwa kwa kukana kila kitu. Baada ya maoni ya bingwa kufika, kliniki iliomba mazungumzo, na tulimaliza nje ya mahakama kwa malipo ya awamu mbili, ambayo yote nimeyapokea. Kwa kazi ya kisheria yenyewe ningemrudia wakili huyu bila kusita. Sehemu ya fedha hizo hununua matone ninayotia kila usiku katika jicho la kulia, ambalo mwezi uliopita presha yake ilisoma 14.