Jumamosi sita kwa mnasihi: maoni ya mkunga wa zamu ya usiku

Tulikwenda tisa, wote wa wodi moja ya wazazi hapa Morogoro, na tulijilipia wenyewe: shilingi 15,000 kila mtu kwa kikao, vikao sita, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Mnasihi, yaani mshauri nasaha, ni mama wa makamo aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kusomea unasihi. Anapokea watu sebuleni kwake Kihonda. Viti vya plastiki vimepangwa duara, chai ya tangawizi ipo mezani, na simu zote zinaachwa kwenye kikapu mlangoni. Nampa nyota nne kati ya tano.

Mimi nilikwenda shingo upande. Mwaka juzi mwajiri wetu alituletea semina ya siku moja kuhusu ustahimilivu wa kihisia kazini. Mkufunzi alitusimamisha tupige makofi, akatuambia matatizo ya nyumbani tuyaache getini. Usiku ule ule niliingia zamu, wakunga wawili kwa akina mama kumi na saba. Asubuhi nilirudi nyumbani nikiamini wenzangu wameelewa somo, ila mimi nina moyo mwepesi.

Kikao cha kwanza Kihonda hakikuwa na somo lolote. Mama aliuliza swali moja: "Ni mgonjwa gani umetoka naye wodini na mpaka leo hujamrudisha?" Tulikaa kimya mpaka nikawa nasikia sufuria za jirani. Kisha mdogo wetu kuliko wote, ambaye ana mwaka mmoja tu kazini, akaanza kulia.

Nami nikamtaja wangu. Mtoto alizaliwa saa tisa usiku, hapumui. Wakunga tunaijua dakika ya dhahabu, ile dakika ya kwanza ambayo ndani yake mtoto asiyepumua lazima awe ameanza kusaidiwa. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikampiga ambu, ule mfuko wa kumsukumia hewa, kwa wakati. Hakuamka. Nilimfunika, nikabadilisha glavu, nikaenda kitanda cha pili ambako mama mwingine alikuwa anasukuma. Miezi minane nilikaa na jambo hilo. Kila niliyejaribu kumwanzia aliniwahi: "Pole, ni mapenzi ya Mungu, jikaze." Naamini ni mapenzi ya Mungu. Lakini nilihitaji kwanza mtu anisikilize mpaka nimalize, na mnasihi wetu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kwa kikao hicho kimoja ningelipa fedha zote za sita.

Cha pili kilinichoma zaidi. Alitueleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa, liliutaja uchovu uliokithiri wa kazini kama jambo linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na halikuuita ugonjwa. Lina dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi yako, na kuona unachofanya hakina tija. Nilijiona kwenye ile ya katikati. Nilipoanza kazi nilikuwa nikimuuliza kila mama jina lake na huyu ni mtoto wa ngapi. Sasa nilikuwa nasema, "Kitanda cha nne, geuka." Sikumbuki ni lini nilianza.

Mazoezi ya kupumua yalichukua kikao kizima cha tatu. Unavuta pumzi taratibu, unaitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Yanasaidia, nayafanya kabla ya kuingia leba, ila nusu saa ingetosha.

Nilichompendea mama huyu ni kwamba hakutufundisha kuvumilia tu. Mwenzetu mmoja alisema mvumilivu hula mbivu. Akamjibu, "Mbivu gani, mwanangu, nawe unalala saa tatu kwa siku?" Akatugawia karatasi tuhesabu zamu zetu za mwezi, saa za ziada na likizo. Alituonyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Wanne kati yetu tulikuwa hatujaiona likizo mwaka mzima. Tuliandika barua moja kwa matroni, tukatia saini wote tisa. Wawili wameshakwenda likizo, zamu yangu ni Novemba.

Mwishoni alitusimulia habari za Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 bibi waliopewa mafunzo huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Huku kwetu tunasema fulani ana mawazo. Kutokana na hilo tulijiwekea utaratibu wetu: tukishakabidhi zamu, tunakaa dakika tano chumba cha kubadilishia nguo, kila mmoja anamtaja aliyemwelemea. Hakuna kushauriana, na neno "jikaze" tumelipiga marufuku.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu mbili. Makubaliano ya kutunza siri yalikuwa ya mdomo tu, na mji wetu ni mdogo, ningetaka karatasi. Pia hakuzungumza na kila mtu peke yake kabla hatujaanza. Mwenzetu mmoja alihitaji zaidi ya kikundi, na alitambuliwa kikao cha nne. Alipewa rufaa kwa daktari wa afya ya akili siku hiyo hiyo, na anaendelea vizuri, lakini zile wiki tatu za kusubiri bado zinaniuma.

Mkienda, msikubali Jumamosi asubuhi kama kuna anayetoka zamu ya usiku. Mimi nilisinzia mara mbili. Tumeomba vikao viwili vya nyongeza mwezi Februari, na safari hii ni Jumapili saa tisa alasiri.