Klachi ya kununua kabla ya msimu wa korosho: chaguo la kwanza hadi la mwisho

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa 10, barabara za mchanga za Tandahimba na Newala unazisikia kabla hujaona kitu. Injini inalia hadi juu, lakini pikipiki yenyewe inatambaa. Hapo klachi imeshaanza kuteleza, na mwenye nayo ama ana magunia mawili nyuma ama amepakia mishikaki. Kesho yake yuko dukani: "Nipe klachi ngumu."

Muuzaji atampa kitu, maana duka halikosi kitu. Lakini anachohitaji dereva wa bodaboda huku kwetu ni klachi ya kawaida iliyo nzima, inayoendana na injini yake, ikizungushwa kwenye oili sahihi. Ugumu ni jambo jingine kabisa, na nitalifikia.

Kabla hujatoa hela, hakikisha tatizo ni pleti kweli, yaani visahani vya ndani ya klachi vinavyoshikana. Anza na waya. Mtwara mjini, Mikindani na Lindi mjini chumvi ya bahari inakula waya wa klachi kwa ndani. Unakuwa mzito, haurudi vizuri, na klachi inabaki nusu imebanwa siku nzima. Waya ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu. Halafu angalia nafasi ya kucheza kwenye mkono wa klachi: pikipiki nyingi ndogo zinataka milimita 10 hadi 20 ukipima nchani mwa mkono. Kadiri pleti zinavyokwisha, nafasi hiyo inapungua yenyewe. Ikifika sifuri, klachi itateleza hata kama pleti bado zina miezi ya kufanya kazi. Kukaza au kulegeza nati ya waya hakuhitaji fundi.

Cha tatu ni oili, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Klachi ya Boxer, TVS, Honda na karibu pikipiki zote za Kichina tunazoendesha inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Klachi ya gari la kawaida la gia za mkono ni kavu, haigusani na oili. Ndiyo maana baadhi ya oili za gari huwekwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na kemikali hizo ukizimimina kwenye pikipiki zinakwenda kulainisha pleti ambazo kazi yake ni kushika. Geuza chupa usome nyuma. Unatafuta herufi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ukikuta JASO MB, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili, iache. Ukikuta maneno Resource Conserving, yaani oili ya kupunguza ulaji wa mafuta, iache pia. Unene wa 20W-50 unapatikana hadi vijijini na joto letu unalivumilia. Kama umewahi kuweka oili ya gari na klachi ikaanza kuteleza wiki hiyohiyo, badilisha oili kwanza, endesha siku kadhaa, ndipo uamue kuhusu pleti.

Umeshapita hapo na bado inateleza? Fanya jaribio moja kwenye lami tambarare: ukiwa gia ya juu na mwendo wa wastani, piga resi ghafla. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, pleti zimekwisha. Kama shida yako ni gia kuingia kwa kelele au frii kukataa kupatikana ukiwa umesimama, huko siko kuteleza. Klachi haiachii, na kuteleza na kutoachia havina dawa moja.

Sasa tupange.

Ya kwanza: seti orijino ya pikipiki yako, pleti zenye magamba pamoja na springi. Ndani ya klachi kuna pleti za aina mbili zinazopishana: zenye magamba ya msuguano, na za chuma tupu. Springi zinazikandamiza pamoja. Nguvu ya klachi kushika inatoka kwenye mambo manne tu: ubora wa magamba, msukumo wa springi, kipenyo cha pleti, na idadi ya nyuso zinazogusana. Mtengenezaji ameshayapatanisha manne hayo kulingana na injini aliyoiunda. Ndiyo sababu seti orijino, japo inauma mfukoni, naiweka juu: huna cha kukisia.

Usinunue pleti bila springi. Springi zilizokaa kwenye joto miaka mingi hufupika, na pleti mpya chini ya springi zilizochoka zitateleza mapema, halafu lawama zitakwenda kwa pleti. Pleti za chuma si lazima kubadilisha kila mara. Zitoe, zifute, zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha. Zikikaa bapa bila kuyumba na hazina rangi ya bluu, zirudishe. Bluu maana yake zimeungua, na zilizoungua hupinda.

Changamoto ya orijino ni kuwa na uhakika kwamba ni orijino. Vipuri vingi vinavyofika Mtwara na Lindi vinapanda basi kutoka Kariakoo, na Kariakoo kuna kila kitu. Boksi zuri si ushahidi. Nenda na pleti yako ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya meno, kipenyo cha ndani na cha nje, na idadi ya pleti, maana modeli mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kwa pleti moja. Namba ya kipuri kwenye boksi ifanane na ya kitabu cha pikipiki. Magamba yawe na unene sawa pande zote, yamekatwa kwa usafi, na gundi isiwe imechuruzika pembeni. Ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa gamba likabanduka hata kidogo, rudisha na ushukuru. Dukani wakiwa na venia, kile kifaa cha kupimia unene, pima: pleti mpya ya pikipiki ndogo huwa karibu milimita 3, na zote za seti moja zilingane.

Ya pili: seti ya kampuni inayotengeneza klachi kwa jina lake. FCC ya Japani, kwa mfano, ni kampuni ya klachi, na Honda ni mteja wake wa miaka mingi. Ukipata seti ya kampuni ya namna hiyo iliyoandikwa wazi modeli yako, ubora unaweza usitofautiane na orijino, na mara nyingine bei ni nafuu. Ninaiweka ya pili kwa sababu moja tu: majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa zaidi. Ukaguzi ni uleule wa juu.

Ya tatu: klachi nzima ya Kichina, pamoja na nyumba yake na kitovu, kile kipande cha katikati kinachobeba pleti. Hii naitetea kuliko mafundi wengi wanavyoitetea, ila kwa pikipiki ya aina fulani. Injini nyingi za Kichina za cc 125 hadi 150 zilitokana na ramani ya Honda CG125, injini iliyotoka mwaka 1976. Kama unayo CG ya zamani, zile zilizokuwa za maafisa ugani na maparoko na sasa zinabeba mihogo, au toyo iliyozeeka, nyumba ya klachi, lile kombe la alumini lenye vidole, huenda imeshachimbika. Pleti zinagonga vidole hivyo kila unapoachia klachi, zinachonga vijifereji, na pleti mpya zinakwama humo. Dalili ni klachi kushika kwa kurukaruka hata baada ya kuweka pleti mpya. Vijifereji vidogo vinasawazishwa kwa tupa. Vikiwa virefu, klachi nzima ya Kichina inakupa nyumba mpya kwa hela ambayo huenda isitoshe nyumba orijino peke yake. Wengine hutoa pleti zilizokuja nayo na kuweka za seti bora. Hesabu meno ya gia kubwa ya nyuma ya nyumba hiyo kabla hujalipa. Yakitofautiana na yako hata kwa jino moja, haifai.

Ya nne: mtumba kutoka injini iliyopasuliwa. Chukua vyuma: nyumba, kitovu, pleti za chuma zilizonyooka. Pleti zenye magamba za mtumba, hapana, hata ukipewa bure, kwa sababu hujui zimekunywa oili gani.

Ya tano: pleti za rejareja zisizo na jina, zinazofungwa kwenye nailoni. Zinauzwa sana kwa sababu hesabu ya bosi haisubiri, na dereva anataka arudi barabarani jioni ileile. Naelewa. Lakini zikitema magamba, vipande vinakwenda kwenye chujio la oili, na injini ndiyo itakayolipa. Kama huna njia nyingine, mwaga oili mapema na usafishe chujio.

Ya mwisho kabisa: "klachi ngumu". Hapa zinaingia springi za mashindano, washa (viduara vya chuma) zinazowekwa chini ya springi, na pleti zilizogundishwa upya magamba. Fundi atakwambia, "Kaka, tuweke washa, itashika tu." Itashika, ni kweli. Ukiongeza msukumo wa springi kwa asilimia 20, mshiko unaongezeka asilimia 20, na uzito wa mkono wa klachi nao unaongezeka vilevile. Waya utakatika mapema, kiwiko kitauma, na washa ikizidi unene, springi zitabanana kabla pleti hazijaachana, ndipo gia zitaanza kulia. Vijana wanaoshindana kuchomoka usiku kwenye lami nyoofu wanazitaka kwa sababu wao wanaachia klachi mara moja, pikipiki tupu, dereva mmoja. Wewe mwenye magunia unayepandisha kutoka bonde la Ruvuma kwenda Newala unahitaji klachi inayokubali kuachiwa polepole.

Kama mzigo ni mzito kila siku, tazama sproketi, zile gia za mnyororo. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ukiibadilisha ikawa ya 13, mzigo unaoifikia klachi kwenye mlima uleule unapungua karibu asilimia 7. Mwendo wa juu utapungua kwa kiasi hichohicho, na ukiwa safari ya lami ya Masasi kwenda Mtwara utaona barabara imerefuka. Kwa anayeshinda kwenye mchanga wa Tandahimba au tope la Liwale wakati wa masika, ni biashara nzuri, na sproketi ya mbele haina bei kubwa.

Siku ya kufunga, nunua na gasketi ya kifuniko. Ile ya zamani ikirudishwa itavuja. Loweka pleti mpya kwenye oili safi usiku kucha, kwa sababu zikifungwa kavu zinaweza kuungua kwenye mlima wa kwanza. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, zisikazwe upande mmoja hadi mwisho. Siku chache za mwanzo punguza mzigo, kisha pima tena nafasi ya mkono wa klachi: pleti mpya zikishakaa, waya utataka kurekebishwa.